Maji ya Kutazama

Jamhuri ya Sadakta ni nchi yenye bahati. Iko mbali kidogo na hapa, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, na akidhani anamfahamu mtu yeyote ndani yake, basi ni macho yake tu yamechoka. Serikali ya huko haijakosea hata mara moja tangu ilipopiga marufuku makosa, na raia wakiulizwa jambo lolote hujibu kwa neno lile lile ambalo ndilo jina la nchi yao.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna chemchemi ya umma iliyojengwa zamani na mwanamke tajiri aliyeitwa Bi Arafa. Aliuza bangili zake za dhahabu ili kila apitaye, awe mtu au punda, apate maji bila kuulizwa katoka wapi. Ni kijumba cha mawe chenye kuba ndogo na midomo minne ya shaba inayotema maji ndani ya birika la marumaru. Juu ya midomo hiyo fundi alichonga maneno: MWENYE KIU NA ANYWE. Na kwa miaka mingi wenye kiu walikunywa. Kuba ikapasuka, marumaru ikamenyeka, midomo miwili ikaziba, lakini miwili iliyobaki iliendelea kutema, na mtaa mzima unaoitwa Kwa Arafa ukawa unaosha, unapika na kulea watoto kwa maji yale.

Hali hiyo iliihuzunisha sana Wizara ya Urithi na Kumbukumbu Njema. Waziri wake, Mheshimiwa Sifuni Kirembwe, alipita siku moja akaona wanawake wamepanga ndoo mbele ya historia, akatokwa na machozi. Chemchemi ikazungushiwa mabati, mafundi wakaitwa, na mabati yalipoondolewa ilikuwa imerudi kama siku ile Bi Arafa alipoikabidhi kwa watu. Kuba ilikuwa nyeupe, midomo yote minne ilitema, na maandishi yalikuwa yamepakwa rangi ya dhahabu na kufunikwa kioo. Chini ya kioo kuliwekwa kibao kipya: HAIRUHUSIWI KUNYWA, KUCHOTA WALA KUONYESHA KIU. Na kwa kuwa mabomba machache yaliyopeleka maji majumbani pale mtaani yalikuwa ya juzijuzi na yaliharibu mandhari ya kale, yaling'olewa. Wakazi walishauriwa wanunue maji ya mikokoteni, kwa sababu mkokoteni una historia ndefu kuliko bomba.

“Ndugu wananchi,” alisema Waziri siku ya ufunguzi, “mtu akinywa maji, anayamaliza peke yake. Akiyatazama, anawaachia na wenzake watazame. Huo ndio uzalendo.”

Wananchi walipiga makofi. Waliokuja na ndoo walizitua chini ili mikono iwe huru.

Picha za siku hiyo zilipigwa na Zahoro Mbelwa, mpiga picha wa Wizara. Zahoro alizaliwa Kwa Arafa, nyumba ya tatu kutoka kwenye chemchemi, na utoto wake wote alikunywa pale kwa viganja. Alipopata kazi serikalini alihamia nyumba za watumishi, ambako maji hutoka bombani hata yasipohitajika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa kazi yake, na katika Sadakta hilo ni jambo la hatari kuliko mtu anavyofikiri.

*

Kanuni za Wizara zilitaka kila urithi uliokarabatiwa upigwe picha tena baada ya mwaka, ili ihakikishwe kwamba historia haijazeeka. Kwa hiyo Zahoro alitumwa arudi kwenye chemchemi. Alifika asubuhi, jua likiwa linaingia kwa upande na kuyafanya maji yang'ae. Pale pembeni alikaa askari wa urithi, mtu mnene aitwaye Songoro, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasimeze mate kwa namna ya kutia shaka. Songoro alimsalimu mpiga picha kwa heshima, akamwomba amwangalizie historia kidogo, akaenda kwenye kibanda cha chai.

Zahoro alipiga kuba, akapiga midomo, akapiga kioo. Picha zilikuwa safi na hazikuwa na uhai wowote. Alikuwa anafikiria kufunga vitu vyake pale alipomwona mwanamke mzee anakuja kwa haraka, amembeba mtoto wa kike ubavuni. Alimtambua mara moja. Alikuwa Bi Mize, aliyekuwa jirani yao, ambaye mara nyingi mama yake Zahoro alimwachia mwanawe anapokwenda sokoni. Mtoto alikuwa mjukuu wake, Semeni. Alikuwa na homa na alikuwa analia. Walikuwa wametoka zahanati, na zahanati ilikuwa na dawa lakini haikuwa na maji ya kumezea. Mkokoteni nao siku hiyo haukupita.

Bi Mize aliangaza kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuiba. Macho yake yakakutana na ya Zahoro, akashtuka, kisha uso ukalegea.

“Aa, kumbe ni wewe, mwanangu,” alisema.

“Shikamoo, Bi Mize.”

“Marahaba.” Alimgeukia mtoto, akakinga kiganja kwenye mdomo wa shaba, akampelekea maji kinywani. Akakinga tena.

Hapo ndipo mwanga ulipofanya kile ambacho Zahoro alikuwa amekitafuta asubuhi nzima. Uliingia ndani ya maji yale kiganjani, ukapanda usoni kwa mtoto, ukashika mikunjo ya mkono wa bibi mmoja mmoja. Zahoro alibonyeza. Hakuwaza. Au, kama alivyokiri nafsini mwake baadaye, aliwaza juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kwamba asitikisike.

Bi Mize alikausha mkono kwenye kanga, akampandisha mtoto begani, akaondoka bila hofu. Songoro aliporudi akinukia tangawizi, aliuliza kama kuna lolote lililotokea. Zahoro akajibu kwamba hakuna.

*

Ofisini alizitandaza picha zote mezani. Zilifanana na vifuniko vya mikebe ya biskuti. Ile moja ilikuwa inapumua.

Angeweza kuichana. Angeweza kuitia mfukoni. Aliifikiria hatari yake, si kwamba hakuifikiria. Aliangalia kiganja, akaangalia kile kibao kilichoonekana vizuri nyuma ya kichwa cha mtoto, herufi kwa herufi. Lakini hakuwa amewahi kupiga picha nzuri namna ile katika maisha yake. Alijiambia kwamba wakubwa watauona mwanga. Akaziweka picha zote ndani ya bahasha, na ile akaitanguliza juu.

Wakubwa waliuona mwanga. Waziri mwenyewe aliusifia. Kisha akaona na mdomo, akaona na maji yanaelekea wapi, akaagiza aletewe mwanasheria.

Bi Mize alikamatwa akiwa anapepeta mchele. Shitaka lake lilikuwa jipya kabisa, na Wizara iliona fahari kwamba limebuniwa na wazawa: kunywesha urithi.

Kabla ya kesi Waziri alimwita Zahoro ofisini akamkaribisha kiti laini. Alimweleza kwa upole wa baba kwamba picha ni kama ushahidi wa mtu mzima, haiwezi kusema kweli leo na uongo kesho. Kama picha hii itatiliwa shaka, basi watu watauliza na juu ya zile nyingine, lile daraja alilolipiga upande mmoja tu, ile hospitali aliyoipiga kabla vitanda vya kuazima havijarudishwa. Na wakianza kuuliza, alisema Waziri, wataanza na mpigaji. Zahoro alijibu kwa jina la nchi yake.

*

Mahakama ilijaa. Picha ilikuwa imekuzwa hadi kufikia ukubwa wa mlango, ikasimamishwa mbele ya Hakimu Ngwali, mtu aliyependa sanaa. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu, akamuuliza mwendesha mashtaka kama inawezekana kuipata nakala baada ya kesi. Mwendesha mashtaka alimwonyesha tone moja lililokuwa linaning'inia kwenye kidevu cha mtoto, akasema tone hilo ni mali ya vizazi vijavyo, na sasa vizazi vijavyo vitakuwa na upungufu wa tone.

Wakili aliyepewa Bi Mize na serikali alisimama akasema mteja wake ana hatia lakini ni mtu mzima. Kisha, labda kwa bahati mbaya, akakumbusha kwamba juu ya chemchemi pameandikwa MWENYE KIU NA ANYWE. Hakimu alilifikiria jambo hilo kwa makini. Akaamua kwamba maandishi hayo ni ya kihistoria, kwa hiyo yanawahusu wenye kiu wa kihistoria. Mwenye kiu wa sasa akiyasoma na kuyafuata, anajifanya marehemu, na kujifanya marehemu ni kosa lingine, ila mahakama kwa huruma haitalifungulia jalada.

Ndipo Zahoro akaitwa. Usiku uliotangulia hakuwa amelala. Alikuwa ametunga jibu. Angesema kwamba lenzi hudanganya, kwamba mwanga ukiwa mkali kiganja kikavu huonekana kina maji. Halikuwa jibu zuri, lakini Hakimu alikuwa mtu wa kupenda maneno ya kitaalamu, na huenda lingemtosha.

Mwendesha mashtaka alimuuliza kilichoonekana kiganjani ni nini.

Zahoro alimtazama Bi Mize kizimbani. Picha ilielekezwa kwa hakimu na kwa watu, na Bi Mize alikuwa amekaa nyuma yake, kwa hiyo mbele yake palikuwa na ubao mtupu wa kahawia tu. Alikuwa anarekebisha kanga yake begani. Hakumkazia macho Zahoro wala hakuyakwepa. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayesimama kusoma darasani, ukimwombea asikwame.

“Ni maji,” alisema Zahoro.

“Yanaelekea wapi?”

“Mdomoni.”

“Hukuchezea picha hii kwa namna yoyote?”

Na hapa, wala sijui kwa nini, au pengine najua, Zahoro alijeruhiwa na swali hilo. Katika maisha yake yote ya kupiga madaraja upande mmoja, picha hii ndiyo pekee ambayo hakuichezea.

“Hata kidogo,” alijibu, na sauti yake ilikuwa na fahari. Aliisikia fahari hiyo mwenyewe, ikitoka na kusambaa ukumbini, na hakukuwa na njia ya kuirudisha.

Mtoto Semeni aliachiwa kwa sababu ya umri, ingawa hukumu iligusia kwamba alionekana kufurahia. Bi Mize hakupelekwa gerezani, maana gereza lilikuwa na matatizo ya maji. Alihukumiwa kuwa mchota maji wa kihistoria. Kwa nusu ya msimu wa kiangazi angesimama kando ya chemchemi amevaa mavazi ya enzi za Bi Arafa, na mtungi kichwani, ili wageni wapate picha halisi. Mtungi usiwe na kitu ndani. Songoro alipewa jukumu la kuuchungulia.

Zahoro alitunukiwa Nishani ya Jicho la Taifa.

*

Wageni walikuja kwa mabasi. Walimpenda sana Bi Mize. Walisema ana uso wenye hadithi, wakajipanga mmoja mmoja kusimama ubavuni mwake huku midomo minne ikitema nyuma yao. Kiangazi kilikuwa kikali, na wakati wa adhuhuri jasho lilimtiririka kutoka chini ya kata ya nguo iliyobeba mtungi hadi kidevuni. Songoro alikuwa analipangusa kwa leso ya serikali, lisije likadhaniwa ni maji.

Zahoro aliagizwa kumpiga picha za kalenda ya mwaka. Alikuja, akajificha nyuma ya kamera, akamaliza upesi. Mara ya kwanza alimsalimu na Bi Mize akaitikia. Mara ya pili alimletea chungwa, lakini Songoro akalichukua, akieleza kwa masikitiko kwamba enzi za Bi Arafa machungwa hayakuwa yamethibitishwa na Wizara. Mara ya tatu Zahoro hakuweza hata kusalimu. Usiku alikuwa anafungua bomba la nyumbani kwake na kulifunga, bila kunywa.

Hatimaye aliamua. Mtu akishindwa kumtoa mwenzake shimoni, alifikiri, anaweza walau kuingia naye. Akaenda kwenye chemchemi siku ya wageni wengi, nishani ikiwa kifuani, akampa Songoro kamera na kumwonyesha pa kubonyeza. Songoro hakuwahi kupewa heshima kama hiyo. Alifunga jicho moja, akamwomba Zahoro asogee kidogo kushoto na atabasamu.

Zahoro aliinamisha kichwa chini ya mdomo wa shaba akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, mbele ya kibao, mbele ya kioo, maji yakimwagikia shati na nishani. Alipoinua kichwa alisikia mtu anacheka. Alikuwa Bi Mize. Mtungi ulikuwa unatikisika kichwani mwake na yeye anacheka kicheko cha zamani cha uani, kile cha kuwacheka watoto waliojimwagia uji.

Zahoro alikwenda moja kwa moja kwa Hakimu Ngwali na picha yake, akaomba ashitakiwe. Hakimu aliiangalia, akasikitika kwamba haina ubora wa ile ya kwanza. Kisha akamweleza sheria. Mtu wa kawaida akiyaweka maji kinywani, anakunywa. Mwenye nishani akiyaweka maji kinywani, anakagua. Wizara ilishukuru kwa ukaguzi huo wa kujitolea, ikamtaka aandike taarifa ya ladha. Zahoro alikataa kuandika. Kimya chake kikapokelewa kama taarifa kwamba maji hayana kasoro.

Ila palikuwa na jambo moja dogo la kushughulikia. Katika picha aliyopiga Songoro, nyuma ya bega la mkaguzi, mchota maji wa kihistoria alionekana anacheka. Wataalamu wa Wizara walipekua vitabu vyao wakahakikisha kwamba wachota maji wa enzi zile hawakucheka. Bi Mize akaongezewa adhabu hadi mvua zitakapoanza.

Mvua za mwaka huo zilichelewa.

*

Zilipoanza, na Bi Mize akaruhusiwa kurudi kwake, Zahoro alimaliza siku kadhaa akipita mwanzoni mwa mtaa na kurudi. Mwishowe akaingia. Nishani alikuwa ameiacha nyumbani na kamera pia. Chini ya shati alikuwa amebeba nakala ya picha ile, aliyoichapa kwa siri. Asili yake ilifungiwa mahakamani kama kielelezo, na kwa raia, kuwa na nakala lilikuwa kosa.

Bi Mize alimkuta mlangoni akamwambia apite, asisimame kama mdai. Alikuwa amekonda, na shingo yake ilikuwa imeinamia upande mmoja kidogo, haikunyooka tena. Zahoro alianza kusema yale aliyokuja nayo. Bi Mize akamkatiza, akamwambia mgeni hukaa kwanza.

Kisha akaenda kwenye pembe ya chumba palipokuwa na ndoo iliyofunikwa sinia. Mkokoteni ulikuwa umepita jana na usingepita tena mpaka kesho. Zahoro alimwona anainamisha ndoo ili kikombe kifikie maji. Akaleta kikombe kimejaa, amekikalisha kwenye kisahani kama ilivyo adabu, akampa kwa mikono miwili.

Alitaka kusema kwamba hana kiu. Lakini alikuwa mtoto wa mtaa ule, na alijua kwamba kukataa ni kumtukana mwenye nyumba, na kubakiza ni kumwambia kwamba umeiona ndoo yake. Akanywa yote. Kila funda alilisikia linapita.

Bi Mize akapokea kikombe akakaa. “Siku ile,” alisema, “uliniona?”

“Nilikuona.”

“Uliona nini?”

Zahoro alifikiria majibu mengi na yote yalikuwa ya mahakamani. “Niliona mwanga,” alisema.

Bi Mize akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

Zahoro akatoa picha chini ya shati, akampa. Bi Mize aliisogeza dirishani. Mji mzima uliiona picha hiyo, mahakama iliiona, wageni waliinunua kwenye kadi, na yeye alikuwa hajawahi kuiona. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka Zahoro akasikia maji ya mvua yanadondoka kutoka kwenye paa.

“Anacheka,” alisema. “Mimi nilikuwa namwona kisogo. Nilidhani bado analia.”

Akamwita Semeni, aje ajione upesi. Semeni akaja mbio, mzima sasa, meno mawili ya mbele hayapo, akajitazama, akamtazama na bibi yake, akauliza kama maji yale yalikuwa ya baridi. Bi Mize akasema yalikuwa ya baridi sana. Mtoto akaridhika, akarudi kucheza.

Zahoro alisema kwamba amewaletea, ni yao, waiweke. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, jinsi atakavyoiacha pale na kutoka mikono mitupu.

Bi Mize aliipangusa picha kwa upindo wa kanga, taratibu, akaikunja mara moja kwa uangalifu ili mkunjo usipite usoni kwa mtoto. Akamrudishia.

“Hii haiwezi kulala kwangu, mwanangu. Wakija wakiikuta, safari hii watamchukua na mtoto,” alisema. “Wewe una nishani. Kaa nayo wewe.”

Akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia amsalimie mama yake.